Picha Niliyompa Bibi wa Kinole Haikuwa ya Marehemu

Admin, nakuomba unifichie jina, maana Morogoro ni ndogo na nusu ya mji huu nimeshaipiga picha. Nina miaka sitini na mbili, nina mke na watoto wanne, na bado nafungua studio kila asubuhi ingawa magoti yanakataa. Siku hizi kila mtu ana simu. Wanaokuja kwangu ni wa pasipoti, na waliofiwa wanaotaka picha ikuzwe iwekwe mbele ya jeneza. Nimechoka, ndugu zangu, lakini si kazi iliyonichosha. Kuna jambo nimelibeba zaidi ya miaka thelathini na sasa limenifuata hadi mlangoni.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka kujaa vitu, sisi wapiga picha tulishangilia kuliko wote. Zamani mkanda mmoja wa filamu ungeutafuta mwezi mzima. Ghafla mikanda ya rangi ikawa inauzwa hadi kwenye meza za machinga pale Msamvu, katikati ya soksi na betri. Nikawa napanda milimani siku za gulio, leo Mkuyuni, kesho Kinole, na kamera yangu na kitambaa cha bluu cha kutundika nyuma ya mteja. Mtu anapiga picha leo, namletea baada ya wiki mbili.

Siku moja Kinole alinijia kijana mpasua mbao, mgeni kutoka Kigoma, aliyeoa palepale na mkewe alikuwa mjamzito. Alikuwa na pengo mbele. Akaniambia, "Kaka, nipige nimefumba mdomo. Hii ni ya mwanangu, sitaki akija duniani anicheke." Mwenyewe akacheka. Nikampiga mara mbili.

Mkanda ule niliununua kwa machinga kwa bei ya kutupa. Niliposafisha haukuwa na kitu, muda wake ulikuwa umeshapita zamani. Picha za watu zaidi ya kumi ziliishia hapo. Wengine niliwarudia, nikawadanganya kwamba kamera iliharibika, nikawapiga upya. Yule kijana sikumuwahi. Kabla sijarudi Kinole, lori la ndizi alilopanda lilipinduka kwenye utelezi, akafariki. Miezi miwili baadaye mkewe naye akafariki akijifungua. Kitoto cha kike kikabaki na bibi yake mzaa mama.

Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho, akiona kwa shida sana. Alijua mkwewe alipiga picha, akashuka mjini kuifuata. Mara ya kwanza nikamwambia picha ziko Dar. Mara ya pili nikamwambia hivyohivyo. Mara ya tatu alikuja na kitoto mgongoni na kifurushi cha pilipili manga, zawadi yangu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akakaa sakafuni, kiti akakikataa. "Leo siondoki bila picha. Huyu hana mama, hana baba. Akikua nimwoneshe nini?"

Ningeweza kusema ukweli palepale. Niliona aibu, na niliogopa milimani kote wangeniita tapeli. Sasa, kila studio ina boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nikaingia nyuma ya pazia, nikapekua, nikatoka na picha ya mwanamume wa umri uleule, amefumba mdomo, hata jina lake silijui. Bibi akaisogeza mpaka karibu na pua. Akasema, "Amependeza." Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaniombea kwa Mungu anipe watoto. Mungu akanipa, na kila nikiwatazama namkumbuka yule bibi.

Mwezi uliopita aliingia mwanamke wa makamo ya binti yangu mkubwa. Akaniamkia kwa heshima, akatoa picha ileile. Nyuma yake kuna mhuri wa studio yangu, ndiyo maana alinipata. Bibi alifariki mwaka jana. Picha alikuwa akiifungia sandukuni na kumtolea mjukuu Krismasi na Pasaka tu, ili isichakae. Sasa binti anataka niikuze, ichapwe kwenye kigae, ibandikwe kwenye kaburi analomjengea baba yake Kinole. Akashika kipaji cha uso wake akaniambia, "Bibi alikuwa anasema hapa nimemchukua baba." Nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia.

Amenialika niwepo siku kigae kitakapobandikwa. Wapo pia wazee wawili waliopasua mbao na marehemu, nao wataiona sura ile mbele ya watu wote. Nimemweleza mke wangu, amenijibu, "Mzee, nyamaza. Wale wazee nao hawaoni. Ukimwambia, utakuwa umemzikia baba yake mara ya pili." Wazee hao mmoja wao anaona vizuri tu.

Jana binti kanipigia simu. "Baba, samahani nakusumbua. Wazee wale wanasema sauti wameshaisahau, nawe uliongea naye. Sauti yake ilikuwaje?"

Nikamwambia ilikuwa nzito, ya taratibu, na kwamba alikuwa akimtaja yeye hata kabla hajazaliwa. Nikasikia analia. Akanishukuru.

Hayo yalikuwa ya kweli. Ndiyo ya kweli pekee niliyowahi kumpa, na yaliyobaki siwezi kumpa bila kwanza kumnyang'anya ile sura aliyoikumbatia tangu utotoni. Fundi wa kaburi anapanda Kinole Jumamosi. Picha iko mezani kwangu, bado sijaigusa. Mliokua bila baba, nawauliza ninyi hasa: mngetaka kuambiwa? Nishaurini, maana akija kesho kuifuata sijui nitamkabidhi nini.