Kengele Iliyozeeka

Dada yangu ni fundi cherehani. Alianza na cherehani moja ya kukanyaga sebuleni kwa baba, kwenye meza ileile tuliyolia chakula, na sisi wadogo zake tukawa tunaokota pini kwenye sahani. Leo ana karakana ya vyumba viwili nyuma ya soko. Mbele anapokea wateja, nyuma wanakaa mafundi wake na meza ndefu ya kupigia pasi. Mtaani wanamwita Sentimita, maana mshono ukipinda kidogo tu anaufumua. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nikimtaja mbele za watu huwa napandisha sauti ili hata wa mbali asikie.

Mchana mmoja mafundi walikuwa wametoka kwenda kula. Dada alikuwa chumba cha mbele akimpima bibi harusi mtarajiwa, huku mama wa binti akitoa maoni kwa kila pini inayochomekwa. Mara akanusa sufu inaungua. Alipofungua mlango wa nyuma hakuiona hata meza kwa moshi. Fundi mmoja alikuwa ameiacha pasi imelala juu ya koti la mteja, koti linafuka, na rundo la vitambaa kando yake limeanza kushika moto. Dada alichomoa waya wa pasi ukutani, akavuta koti na vitambaa hadi chini, akavimwagia ndoo nzima ya maji. Hakuna aliyeumia. Koti ndilo halikupona, na ukuta ulibaki mweusi.

Kilichomkera zaidi ni ule ukimya. Kengele ya moshi ilikuwa palepale darini, moshi umeizunguka pande zote, nayo kimya kama haimo. Akapanda juu ya meza, akabonyeza kitufe chake. Ikapiga kelele mpaka mama wa bibi harusi akaziba masikio.

"Kumbe sauti unayo," dada akaiambia.

Jioni hiyo alimwita fundi umeme wa mtaani. Yule bwana aliishusha kengele, akapima betri, akaona ni nzima. Kisha akaigeuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba na kumwonyesha tarehe iliyochapwa mgongoni.

"Hii ni tarehe ya kutengenezwa, dada, si ya kufungwa. Vitu hivi vinaishi miaka kumi hivi, basi. Hiki kimepitiliza zamani. Tazama hata rangi. Kilikuwa cheupe, sasa kimekuwa kama jino la mvuta sigara."

"Nilikikuta humu nilipopanga," dada akasema. "Na kila mwezi nakibonyeza, kinalia."

"Endelea kubonyeza, ni vizuri. Lakini kitufe kinakuambia sauti ipo na betri ipo. Hakikuambii kama pua yake bado inanusa."

Dada alilichukua neno hilo kama lilivyo. Kesho yake alifunga kengele mpya vyumba vyote viwili, na kwa kalamu ya kuchorea vitambaa akaandika ubavuni mwa kila moja mwaka wa kuing'oa. Kisha akatoka na ngazi yake. Alianza kwa jirani wa saluni, akaenda kwa fundi viatu, akaja kwangu. Yangu ilikuwa na rangi nzuri tu, lakini alipoigeuza tukakuta umri umekwisha. Mwishowe akafika kwa baba.

Baba ni dereva mstaafu wa lori, mtu asiyetupa hata kipande cha kamba. Alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Kitu kinalia vizuri, wewe unakitupa?"

"Kimezeeka, baba. Kimepita miaka kumi."

"Hata mimi nimeipita, tena mara nyingi. Mbona hunibadilishi?"

"Wewe pua yako inafanya kazi. Chakula hakijaiva, umeshakaa mezani."

Baba alicheka, lakini ile ya zamani akaikataza kutupwa. Akaiweka kwenye droo, pamoja na funguo za magari ambayo hayapo tena. Dada hakubishana naye. Alifunga mpya koridoni, nje ya mlango wa chumba cha kulala, akaijaribu, akateremka.

Miezi ikapita. Alasiri moja baba alikuwa amelala kama kawaida yake baada ya chakula. Jikoni, waya wa nyuma ya friji ulikuwa umeanza kuyeyuka. Plastiki ikaungua taratibu, moshi ukatambaa koridoni. Baba anasema hakunusa kitu. Alikuwa ndotoni, anaendesha lori, na dereva mwenzake anampigia honi bila adabu. Akaamka ili amtukane, akakuta ni kengele. Akazima swichi kuu, akatoka nje, akawaita majirani. Moto ulipozimwa, friji ilikuwa imekwisha na pazia la jikoni halikuwepo. Nyumba ilisimama, na baba alisimama mbele yake akiwa na kiatu kimoja.

Dada alifika mbio, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Imelia," baba akasema.

"Nimesikia, baba."

"Imelia kabla ya pua yangu."

Siku iliyofuata alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda karakana, mahali ambapo hajawahi kukanyaga bila kuitwa. Mafundi wakasimama kumsalimia. Akawaambia wakae.

"Nimekuja kuwaona watu wanaofanya kazi na mwanangu," akasema. "Huyu alinisumbua ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikamwona ana makuu. Leo nazungumza nanyi kwa sababu yake."

Kwa baba yetu, hayo ni maneno mengi sana. Dada aligeukia dirishani akajifanya anatafuta uzi. Kisha akamvutia baba kiti karibu na mlango, na baba akakaa hapo mpaka wanafunga. Kila mteja aliyeingia aliulizwa kwanza kama amewahi kutazama mgongo wa kengele ya nyumbani kwake, kisha akaonyeshwa mwenye karakana na kuambiwa, "Huyo ni binti yangu." Na dada, ambaye kwa kawaida hapendi wateja wake wacheleweshwe mlangoni, hakumkatiza hata mara moja.