Moshi wa Pilipili na Mwezi wa Zohali

Nianze kwa kukiri: mimi ndiye niliyetia pilipili kichaa kwenye majani mabichi, siku mwalimu wetu wa fizikia alipofukiza moshi darasani. Mwalimu huyo alifariki Jumatatu. Mnaosoma gazeti hili la ukutani mmezoea niwachekeshe; leo mnivumilie.

Yeye Mnyamwezi, kabila la wapagazi wa misafara ya zamani, mimi Mluguru wa migombani, kwa hiyo kimila tulikuwa watani. "Shikamoo, mpagazi." "Marahaba, mwizi wa ndizi." Ndivyo tulivyoamkiana kila asubuhi. Wenzake waliacha chaki wakafungua vibanda vya mitumba Mwembesongo, maana siku hizi kila mtu ni biashara. Yeye akabaki na Titani, mwezi wa sayari ya Zohali, uliofunikwa na ukungu wa rangi ya chungwa. Maduka ya mjini yamejaa redio mpya, maabara yetu haina hata balbu. Basi akaleta jiko la mkewe, akafukiza majani mbele ya makaa yake, akaniita.

"Makaa unayaona?"

"Siyaoni, mpagazi."

"Joto je?"

Nililihisi shavuni.

"Basi. Chembe za ukungu wa Titani zinazuia mwanga, lakini baadhi ya mionzi ya infraredi, ndugu yake hilo joto, inapenya. Anayetaka kuiona ardhi ya kule abadili macho."

Hapo pilipili ikashika. Alikohoa mpaka akakaa sakafuni, sisi tunacheka. Alipopata pumzi akasema, "Mtani, leo umenipata," na hakuuliza zaidi. Wiki iliyofuata akalazwa kwa kifua. Hakurudi.

Msibani, kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa. Nikalala mbele ya jeneza kulizuia lisipite, kama mila inavyotaka, nikafungua mdomo nimtanie. Kikatoka kilio. Watu wakacheka, wakidhani ndio utani wenyewe. Mjane naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikazidi kulia, wakazidi kucheka, milima yote ya Uluguru imejifunika mawingu nyuma yao.

Nadhani mzaha wangu wote ulikuwa moshi, na yeye peke yake pale shuleni ndiye aliyelihisi joto nyuma ya moshi huo. Sikuwahi kumwambia.

Njiani kurudi nikamweleza mama kila kitu, pilipili na yote, nikamuuliza kama mimi ndiye niliyemuua mwalimu. Tulipofika mlangoni akasema: "Kile kifua alikuja nacho kutoka kwao, hukumpa wewe. Ila mkewe amecheka kilio chako cha kweli. Kesho asubuhi utaenda kumwambia kwamba ulikuwa unalia kweli, na utani wako utauacha hapa nyumbani."