Eustadia na Mwizi Aliyeimba kwa Pua

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 1952. Upepo mkavu ulivuma tangu alfajiri ukizungusha vumbi jekundu barabarani. Karibu na adhuhuri mawingu yalikusanyika upande wa Isikizya, yakanguruma kidogo, yakaondoka bila kunyesha.

Ndivyo nilivyoandika katika kumbukumbu zangu za siku ile, na chini yake nikaongeza: Eustadia amekuja kiwandani, hakutaka kiti.

Kiwanda ninachokisema ni kile cha chapa cha misheni, hapa Tabora. Kazi yangu humo ni kupanga herufi za gazeti linalotoka kila mwezi. Eustadia Luhende ni mdogo wa mke wangu, mpiga pasi katika nyumba ya kufulia ya masista, na ndiye anayetunga zile hadithi za kuchunguza zinazotoka ukurasa wa mwisho wa gazeti letu. Siku ile alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi, akauliza hata kabla hajanisalimu:

"Shemeji, sehemu ya mwisho imeshapigwa chapa?"

"Imepigwa na kukunjwa. Vifurushi vya Kigoma vimekwenda stesheni asubuhi."

"Na vya hapa mjini?"

"Vipo pale."

Aliviendea, akaweka kiganja juu ya kifurushi kimoja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Modest anahama," alisema.

Modest ni mrina asali wa Itetemia, mjane, mtu wa maneno machache. Hutundika mizinga yake porini, na asali anaichujia nyumbani na kuiuza kwa chupa kando ya njia. Eustadia anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Anahama kwenda wapi?"

"Nzega, kwa shemeji yake. Amekwisha funga mizigo. Hauzi tena, Ambrosi. Wanawake wanaishika chupa, wanainusa, wanairudisha. Watoto wanapita mlangoni kwake wakiimba kwa pua. Na mimi ndiye niliyewafundisha."

Hapa nieleze, maana asiyesoma gazeti letu hawezi kuelewa.

Eustadia alisoma kwa masista mpaka darasa la sita, kisha akabaki kwao kufua na kupiga pasi. Nguo ndizo zilizomfungua macho. Udongo mweusi wa mbugani hauachi doa kama udongo mwekundu wa njia ya stesheni, na mtu aliyesema alishinda shambani huku suruali yake ina masizi ya treni, Eustadia alimjua. Hakumwambia mtu. Aliyaweka tu kichwani, na kichwa kikazidi kujaa.

Siku moja, katika chumba cha ushonaji, sista mmoja aliwasomea wanawake hadithi ya Kizungu, akiitafsiri kadiri anavyosoma. Bwana tajiri amekutwa amekufa katika nyumba kubwa, na watu wanatafuta nani amemuua. Wanawake hawakumpa sista nafasi. Mmoja aliuliza: "Hana ndugu? Nani analala peke yake katika nyumba yenye vyumba vyote hivyo?" Mwingine akauliza: "Na huyo mpelelezi anakunywa chai na marehemu yumo ndani?" Eustadia alicheka pamoja nao, lakini usingizi ulimpotea. Alikuja kwetu kesho yake akasema ameona kosa la hadithi ile. Kwetu mtu akifa, kuna matanga. Watu wote wanalia, wanapika, wanachota maji, nani atapata nafasi ya kupeleleza? Hadithi ya kwetu isiwe na maiti. Ipotee blanketi, au kengele, au jogoo wa mtu, na majirani wote wawepo, wazima, wakitazamana.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Hana meza ya kuandikia. Mumewe, Tobias, ni seremala na amemtengenezea moja, lakini imekuwa ya kuwekea vyombo. Yeye huandika amesimama kwenye ubao wa pasi, mistari miwili mitatu, kisha hutoka nje, huzunguka nyumba, hurudi. Tobias husema kuku wamechoka kumpisha. Kwanza humchagua mwizi, halafu hurudi nyuma akipanga namna ya kumficha.

Hadithi yake ya kwanza ilimshinda kwa sababu ambayo sista asingeweza kuijua. Alimfanya mwizi kuwa Mzaramo. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu siku za misafara, babu zetu walipokuwa wakifika kwao na mizigo vichwani. Hutukanana nasi bila kukasirikiana, na huchukuliana vitu kama ndugu. Basi Mzaramo alipotokea tu katika mstari wa pili, wasikilizaji walipiga kelele, "Ndiye huyo!" wakacheka, na hakuna aliyetaka kusikia yaliyobaki. Tangu hapo Eustadia hakuweka mtani katika hadithi. Aliwachukua watu wa kwao. Na mtu wa kwao humtoa wapi, kama si kwa wale anaowaona kila siku? Mmoja alimpa mwendo wa huyu, mwingine kikohozi cha yule.

Hadithi hii ya asali aliisumbukia tangu mwaka uliopita. Asali ya sikukuu inatoweka katika ghala la kanisa. Mlango ni ule unaolia sana ukifunguliwa, na hakuna aliyeusikia. Mwizi ni mrina asali aitwaye Kasimiri, aliyepaka nta kwenye bawaba ili mlango unyamaze. Nta ile Eustadia aliihangaikia miezi mingi: nani aione, aione lini, aidhanie nini kwanza. Katika sehemu ya tatu, iliyotoka Septemba, alitaka Kasimiri awe na uhai kidogo, akaandika kwamba akichuja asali huimba kwa pua, mdomo umefungwa, na kwamba hufuta kisu kwenye kisigino. Alipoandika hakumfikiria Modest. Aliyaona tu mambo hayo, yakaja.

Itetemia nzima ilimtambua Modest siku ileile, ikaamua ndiye mwizi hata kabla ya mwisho kutoka. Na hawakulichukua jambo kama hadithi. Ukurasa huohuo una habari za ubatizo na bei ya karanga. Walisema gazeti la misheni haliwezi kusema uongo. Padre anajua nani aliiba, ila ameficha jina kwa huruma.

"Tufute jina la Kasimiri kwa wino," Eustadia aliniambia sasa. Alikuwa anatembea kati ya mashine na dirisha.

"Nakala zote hizi? Na za Kigoma?"

"Basi zisitoke."

"Padre mwenyewe anakuja kuzichukua za parokia. Na amesema anataka kuona watu wa hapa wataupokeaje mwisho, ndipo aamue kama hadithi itoke kitabu. Unajua hivyo."

"Najua." Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alisimama kweli. "Shomari anasoma kesho mkahawani kwake?"

"Baada ya misa, kama kawaida."

"Funga kazi, shemeji. Twende."

Shomari ni Mzaramo aliyekuja na reli, akafanya kazi ya kugeuza njia za treni mpaka alipostaafu, akafungua mkahawa wa chai mtaa wa Chemchem. Yeye ni Mwislamu, lakini hakuna anayesoma gazeti la misheni kwa sauti nzuri kama yake, na kila mwezi watu wa Itetemia hutoka kanisani wakaja kukaa kwenye mabenchi yake kumsikiliza. Tulimkuta anafuta vumbi kwenye birika.

"Shikamoo, mzee Shomari."

"Marahaba. Mnyamwezi akiniamkia kwa adabu, najua ana shida. Na mgongo umeinama! Si adabu hiyo, ni mazoea ya mizigo."

"Na Mzaramo akinyoosha mkono si salamu, anapima ukuta wa jirani," alijibu Eustadia, lakini hakucheka. Akamweleza yote, amesimama, huku upepo ukipiga bati juu yetu. Mwisho akasema: "Kesho ukifika kwenye jina la Kasimiri, sema ni wewe."

Shomari aliweka birika chini.

"Binti, nikisema ni mimi, watacheka."

"Ndiyo."

"Hawatasikiliza tena. Ile akili yako yote ya mlango na bawaba nimeisoma mwenyewe tangu sehemu ya kwanza. Hata mimi Mzaramo niliogopa. Itakufa pale pale. Watasema Eustadia ametunga utani."

"Najua itakufa."

"Na kitabu chako?"

Eustadia alitazama barabarani. "Modest ana mizinga yake hapa, na kaburi la mkewe. Nzega ana nini?"

Shomari alinigeukia mimi kana kwamba nitamkataza. Nilikuwa nimezipanga herufi za hadithi ile moja moja kwa mkono, nikaona uchungu pia, lakini haukuwa uchungu wa kuweka kwenye mizani na wa Modest.

"Sawa," alisema Shomari. "Lakini kuku wangu wa utani nitamdai."

Jumapili upepo ulikuwa uleule. Mabenchi yalijaa, wengine walikaa chini. Modest alikuja, kwa sababu asingekuja wangesema amekimbia. Alisimama nyuma kabisa karibu na ukuta, na watu waliacha nafasi pande zake zote mbili. Eustadia hakuweza kukaa. Alizunguka mkahawa mpaka nikaona kitambaa chake kikipita dirishani mara hii na mara ile.

Shomari alisoma vizuri kuliko siku zote. Alipofika mahali pa nta, watu waliacha vikombe. Kisha akasoma jina, "Kasimiri," na vichwa vyote vikageuka nyuma. Mwanamke mmoja aitwaye Flavia, jirani wa Modest, alisema kwa sauti:

"Si niliwaambia?"

Shomari aliupiga ukurasa kwa kiganja.

"Huyu mwanamke ameniaibisha!" alifoka. "Eustadia! Uko wapi? Njoo hapa! Nimekukosea nini mpaka unitangaze gazetini?"

Vichwa vikarudi mbele.

"Kasimiri ni nani kama si mimi? Nani anaimba kwa pua hapa Tabora? Sikilizeni!" Akafunga mdomo, akaimba kwa pua, vibaya mno, mpaka mtoto mmoja akaziba masikio. "Nani anafuta kisu kwenye kisigino? Kitazameni!" Akavua kiatu, akakipandisha kisigino mezani katikati ya vikombe. "Kimepasuka kwa visu!"

Hapo kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma.

"Mwongo!" alisema Flavia. "Mzaramo hawezi kupanda mti!"

"Ndiyo maana niliiba ghalani, mama! Ningeweza kupanda ningekwenda porini kama watu!"

"Mkamateni!" walipiga kelele vijana. "Mtani ametumalizia asali! Alipe chai!"

"Mimi nilipe? Alipe aliyeniumbua! Jina amebadilisha, anadhani sitajijua! Nataka kuku, tena mtetea, na aje naye mwenyewe kichwani, kazi ya ukoo wao!"

Eustadia alikuwa ameingia. Alimwambia atampa kuku mwenye kideri, wakaendelea kutukanana, na watu waliokuwa wamemgeukia Modest sasa walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Flavia mwenyewe alijifuta machozi, akasogea kwenye benchi akamwambia Modest, "Kaa basi, umesimama kama nguzo." Modest akakaa.

Hakuna aliyeuliza tena habari ya bawaba. Padre alipita kwa baiskeli, akasimama kusikiliza kelele, akaniuliza, "Kumbe ni kichekesho?" Akapanda baiskeli bila kungoja jibu. Habari ya kitabu hakuitaja, wala sikumkumbusha.

Watu walipotawanyika, Modest alimngojea Eustadia nje.

"Mizigo nitaifungua," alisema.

"Afadhali, baba. Unisamehe."

"Mimi sikujua kwamba naimba." Aligeuza kofia yake mkononi. "Juzi nimechuja asali, nikajisikia. Nikanyamaza. Sasa kila nikishika kitambaa cha kuchujia najisikiliza."

"Utasahau."

"Labda," alisema Modest, akavaa kofia, akaondoka na Flavia na wengine kwa njia ya Itetemia.

Eustadia hakwenda nao. Alikaa kwenye benchi tupu, akainuka, akakaa tena. Aliniambia ameshaanza nyingine, ya kinu kilichopotea, na kwamba mwizi wa kinu anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto. Na kwamba sasa hivi, akimtazama Flavia anavyokwenda, ameona mguu ule ni wa nani.

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa kwa masista, akaenda stesheni, treni ya Mwanza ilipokuwa inaingia. Wasafiri wengi hubadilisha treni hapa kwetu, watu ambao hakuna mwenyeji anayewajua, na alitaka mwizi wake atoke kwao, si kwa jirani. Alimchagua mwanamume mmoja aliyeshuka na cherehani, aliyelitazama kila fundo la kamba yake kabla ya kuondoka. Alimfuata mpaka nje ya geti. Yule bwana akageuka, akamwamkia, akamwambia ni fundi nguo kutoka Igunga, amepata nyumba ya kupanga Itetemia, je, mama anaijua njia? Eustadia akamsaidia kujitwika cherehani, akamwonyesha.