Cherehani Niliyoitukana

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya kwenye simu huku mmelala chali, kaeni kitako kwanza. Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikachunge ng'ombe, kwa hiyo maneno yangu ni mafupi na sitayarudia.

Kila mtoto aliyezaliwa kwenye ukoo huu amepokelewa na blanketi langu la vipande: vitenge juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, vyote nimevishona pamoja kwa mkono. Juzi juzi binti yangu wa mwisho alipopata mimba yake ya kwanza, vidole vyangu vikagoma. Sindano ikifika katikati inakwama, na mimi nakwama nayo. Mimba inakua, blanketi liko nusu. Huyo angekuwa mtoto wa kwanza kukosa. Nikasema sikubali.

Kaka yake, yule wa mgodini Geita, akaja likizo. "Mama, twende mjini nikununulie cherehani." Tukatoka Ngokolo asubuhi, nimebeba kikapu na lile blanketi nusu ndani yake. Ng'ombe wa plau hanunuliwi mpaka umfunge plau umwone.

"Mwangaluka, mayu," muuzaji akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama, akanivuta moja kwa moja kwenye cherehani nyeupe ya umeme yenye taa na vitufe. "Hii inashona maua, inashona mpaka majina."

"Mimi nashona mstari," nikamwambia. "Tena ulionyooka."

Nikampa blanketi. Ile nyeupe ikapanda juu ya kitambaa, ikalia kama mbuzi, sindano ikavunjika.

"Bado haijakuzoea tu, mayu."

Nyuma ya mlango kulikuwa na nyeusi ya kukanyaga. Mshono mmoja, mbele na nyuma, basi. Nikazungusha gurudumu, nikasikiliza. Nikakanyaga. Ikapita tabaka zote tatu bila kuguna. Moyo ukaniruka, kwa hiyo uso nikaukunja.

Baba yangu alinifundisha kule mnadani Kagongwa: ng'ombe unayemtaka humsifu. Unamtukana mpaka mwenyewe amwonee aibu, bei ishuke.

"Na hii imechimbuliwa kwenye shimo gani?" nikauliza. "Imekonda. Miguu yote kutu."

"Chuma cha zamani hicho, mayu. Hakifi."

"Ndiyo maana kimechoka. Hata kuku wangu hawezi kutagia hapa."

"Basi kuku wako ana maringo."

Tulikuwa tunakwenda vizuri. Bei ikaanza kulegea. Nikafanya lile la mwisho ambalo kila mnunuzi wa ng'ombe analijua: nikabeba kikapu changu, nikatoka kwa hasira, nikaenda kukaa kwa fundi viatu jirani kusubiri kuitwa.

Sikuitwa. Alikuja mwanangu, boksi begani, meno yote nje.

"Mama, usijali. Ile mbovu nimeikataa kabisa. Nimekuchukulia nyeupe."

Kosa lilikuwa langu. Mtoto amekulia bwenini, akatoka bwenini akaingia mgodini. Mnadani hajawahi kushika kamba ya ng'ombe.

"Umeninunulia mbuzi," nikamwambia.

Nikarudi dukani mbio, mbio za umri wangu. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Akilini nikamwona mjukuu wangu amefungwa kwenye taulo la dukani kama mtoto asiye na bibi. Muuzaji akacheka, akafunua turubai kwenye kona.

"Nimekufichia, mayu. Mtu hamtukani ng'ombe muda wote ule kama hamtaki."

"Basi chukua mbuzi wako, nipe yangu."

"Nitabadilisha. Ila kwanza uisifu. Kwa sauti, mwanao asikie."

Watu walishajaa mlangoni, fundi viatu akiwa mbele yao na kiatu cha mtu mkononi. Nikafikiri sana.

"Inashona," nikasema.

"Ongeza, mayu."

"Inashona vizuri. Usinizoee."

Blanketi lilikwisha siku mbili kabla ya mtoto kufika, wa kike, mwenye kilio cha kuishinda ile nyeupe. Alipofunikwa akanyamaza, nikawaita wote uani, mwanangu nikamsimamisha mbele, nikawaambia: "Kuanzia leo, mkinisikia natukana kitu dukani, asinunue mtu kitu kingine. Fungeni midomo, mshike kamba."