Magoti ya Baba Hyeongu

Mume wangu, Pyo Sangdeok, amepiga magoti katika vyumba vya kulala vya karibu mji wetu mzima wa Yesan. Msimfikirie vibaya. Ni fundi wa sakafu, na kazi ya kutandika sakafu haifanywi kwa kusimama. Alipostaafu akiwa na miaka sabini, kila kitu mwilini mwake kilikuwa kizima isipokuwa hayo magoti. Yalikuwa yakilia akipanda ngazi, nami nikiwa jikoni nilijua amefika ghorofa ya ngapi.

Mwaka Mpya uliopita yalimwaibisha mbele ya ukoo. Yeye ndiye mwana wa kwanza, hivyo meza ya kuwakumbuka wazee waliotangulia huandaliwa kwetu, naye huwa wa kwanza kuinama, mara mbili, mpaka paji la uso liguse sakafu. Safari hiyo alishuka mara ya kwanza akabaki huko huko. Tulidhani ana mengi ya kuwaambia wazee. Kumbe amekwama. Mwanangu Hyeongu na shemeji yangu Sangcheol walimnyanyua kama gunia la mchele.

Sangcheol hakungoja hata supu ipoe. "Kaka, tuambiane ukweli," alisema. "Sikukuu ya mavuno ya Chuseok ikifika, kama hutainuka mwenyewe, meza ihamie kwangu Cheonan. Siku hizi hata vyakula vya wazee unaagiza, vinakuja na boksi."

"Tutaona," akasema mume wangu. Huku kwetu Chungcheong, mtu akisema "tutaona" amekataa, tena kwa hasira.

Na mimi? Sitawadanganya: niliona raha. Miaka arobaini na minne, kila sikukuu, nimekaa sakafuni mbele ya kikaango cha umeme nikikaanga jeon. Za samaki, za maboga, za uyoga, kila kipande unga kwanza, kisha yai, siku kutwa, mpaka nywele zinanuka mafuta wiki nzima. Meza ihamie Cheonan? Ningeibeba mwenyewe kichwani siku ile ile.

Lakini mume ni mume. Nilimpeleka kwa daktari, akaambiwa gegedu za magoti zimelika, asikimbie, asipande milima, aende majini. "Maji yakikufika kifuani, magoti yanapumzika kubeba mwili," alisema daktari. "Tembea humo, ogelea taratibu." Basi nikamwandikisha darasa letu la mazoezi ya majini kwenye bwawa la manispaa, saa nne asubuhi. Nilitaka apande ngazi bila kupiga kelele, basi. Sikujua kwamba najichimbia shimo.

Siku ya kwanza tulikuwa wanawake ishirini na watatu, na yeye. Alitokea upande wa wanaume na kofia ya kuogelea iliyombana mpaka nyusi zikapanda, akaingia majini, akaenda kusimama mbele kabisa, karibu na ngazi. Bwawa zima likamgeukia. Katika darasa letu hakuna aliyepangiwa mahali, na hakuna asiyejua mahali pake. Pale ni pa Bibi Okbun, mwenye miaka themanini na miwili, na hapo amesimama tangu bwawa lifunguliwe.

"We bwana harusi," Bibi Okbun akamwita kutoka mlangoni, "umepotea au unatafuta mchumba?"

"Samahani dada, nilidhani hapa hapana mtu."

"Hapana mtu kwa sababu nilikwenda kukojoa! Haya, nyuma, kwa mkeo, akufundishe adabu." Ila kwa lile neno "dada" alitabasamu mpaka kipindi kikaisha.

Mwalimu wetu, binti anayeitwa Narae, husimama ukingoni na muziki wake akipiga kelele: "Shusha! Moja, mbili! Nyanyua! Kifua mbele!" Wiki mbili za kwanza mume wangu alitembea tu kama bata. Mwezi wa tatu ngazi zilinyamaza. Akawa ananitokea jikoni bila taarifa, nami narusha vitunguu kwa hofu.

Ndipo akaanza mazoezi yake mwenyewe. Asubuhi moja, katikati ya muziki, nikageuka, mume hayupo. Alikuwa amebana pua, amejaza mashavu hewa, amepiga magoti chini ya bwawa, anainama. Mlinzi wa bwawa alijitupa majini na filimbi mdomoni, akamvuta kwa kofia.

"Mzee! Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia, niachie. Nawasalimia wazee wangu."

"Huko chini?"

"Mwache," akasema Bibi Okbun. "Wazee wa wenzake wamezikwa mlimani. Wa kwake wako kwenye bomba."

Ikabidi aeleze habari ya Sangcheol na meza. Wale wanawake wakaichukua vita kama yao. Kuanzia siku hiyo, kila baada ya kipindi walimzunguka, akazama, wakahesabu, akaibuka, wakashangilia. Mimi nilihesabu kwa sauti ndogo. Nilikuwa nafikiria jeon.

Chuseok ikafika. Nilikuwa nimekaanga tangu jana yake. Asubuhi meza ikapangwa, mapeari, njugu, samaki, pombe ya mchele, na wanaume wakajipanga: mume wangu mbele, nyuma yake Sangcheol, Hyeongu na wajukuu wawili. Mimi nilisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

Akapiga magoti. Kisha mwili ukafuata mazoea. Akabana pua, akajaza mashavu, akashuka.

Sasa, katika jambo hili sisi humtazama aliye mbele, na kuuliza ni utovu wa adabu. Sangcheol alitazama, akasita, akabana pua. Hyeongu akabana. Wajukuu wakabana kwa furaha kubwa. Ukoo mzima wa Pyo ukainama mbele ya marehemu baba mkwe, pua zimebanwa kana kwamba mzee ananuka. Mkwe wangu, mke wa Hyeongu, aliuma aproni yake mpaka machozi yakamtoka.

Mara ya kwanza aliinuka vizuri. Mara ya pili akashuka, akabaki. Pale sebuleni hapakuwa na maji ya kumbeba. Niliona kiwiko kinatetemeka, kisigino kinapanda, kinarudi. Sangcheol akaachia pua, akanyoosha mkono. "Kaka, inatosha."

Masikio ya mume wangu yakawa mekundu. Nami nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo tu. Ni kama boksi za Cheonan zilikuwa zimeshafika mlangoni! Halafu nikaziona nyayo zake zimeelekea juu, ndani ya soksi mpya alizonunua kwa ajili ya siku hiyo. Nyayo zile zilielekea juu miaka arobaini kwenye vyumba vya watu ili sisi tule. Nilimhurumia mpaka nikapata hasira.

"Nyanyua!" nikapiga kelele. "Moja, mbili! Kifua mbele! Shemeji, ondoa mkono wako!" Mwiko ulikuwa ukihesabu hewani na mafuta yanarukia ukuta.

Akaweka mguu mmoja. Akasukuma. Akasimama, mwenyewe, bila mtu, akaachia pua na kutoa pumzi kama aliyeibuka majini. Wajukuu wakapiga makofi, jambo lisilofanywa kamwe, na hakuna aliyewakataza. Kutoka sakafuni tukasikia sauti ya Sangcheol: "Hyeongu, mwanangu, hebu nishike mkono."

Baada ya chakula mume wangu alikuja jikoni akitembea kama jenerali.

"Mama Hyeongu, umeyaona magoti?"

"Nimeyaona. Yanakunjika mpaka chini?"

"Mpaka chini!"

"Na kukaa chini, yanaweza?"

"Hata siku kutwa!"

Nikamkabidhi kikaango cha umeme. "Vizuri. Mwaka Mpya jeon zote ni zako. Hebu kaa nione."

Akafungua mdomo aseme "tutaona". Nikainua mwiko.

"Shusha," nikamwambia. "Moja, mbili."

Akabana pua, akashuka.