Kitufe cha "Baadaye" na Sauti ya Mume Wangu

"Ukiigusa hiyo kompyuta nakuvunja vidole!" nilimwambia binti yangu.

"Iguse," ikasema kompyuta.

"Ymkje, ondoka hapo!"

"Ymkje, kaa hapohapo," ikasema kompyuta, tena kwa sauti ya juu mpaka mbwa akatoka jikoni, mkia katikati ya miguu.

Mtacheka. Chekeni tu. Lakini kompyuta hiyo ndiyo mume wangu.

Douwe hasogezi kitu chochote mwilini isipokuwa macho. Ugonjwa wa neva ulimwanzia kwenye kidole gumba, tukadhani ni uchovu wa kazi. Ukapanda mkono, ukashuka miguu, ukamalizia ulimi. Sasa anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kompyuta imefungwa mbele ya uso, na kamera ndogo chini ya kioo inafuata mboni zake. Anaangalia herufi moja moja, neno linajengeka, kompyuta inalisema.

Na inalisema kwa sauti yake mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa.

Kabla ulimi haujafa, Douwe alijifungia chumbani, mablanketi yameziba madirisha, akasoma sentensi mpaka akakauka koo. Programu ikajifunza sauti yake. Baada ya hapo, chochote alichoandika kwa macho kilitoka kama yeye, kwa Kifrisia chetu, lugha ya mkoa wetu huku kaskazini mwa Uholanzi, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa sentensi. Hata kicheko chake kilikuwemo. Kilikuwa na kitufe chake.

Sauti hiyo mkoa mzima unaijua. Kila kiangazi Douwe ndiye aliyekuwa anatangaza mashindano ya kuruka mifereji. Mtu anakimbia, anadaka mti mrefu uliosimamishwa majini, anaupanda kama nyani huku unaangukia ng'ambo. Wengi wanaishia kwenye tope. Na Douwe kwenye kipaza sauti alikuwa anamwambia aliyeanguka maneno ambayo hata mwenyewe, tope mdomoni, alicheka.

Nitaipata wapi sauti hiyo tena?

Sasa, mfumo wa kompyuta umezeeka. Kila asubuhi ukiiwasha, tangazo linatokea: Sasisha sasa, au nikumbushe baadaye. Tangazo lenyewe linataka mkono na nywila, macho ya Douwe hayalifikii. Kila asubuhi nilikuwa nabonyeza "baadaye", naenda kuweka kahawa.

Leo Ymkje aliwahi kabla yangu.

"Mama, mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoamua."

"Kwani ni kompyuta yako?"

"Wewe mtoto, nani amekufundisha kujibizana hivyo?"

"Mimi," ikasema kompyuta.

Nikapiga simu kampuni inayotuletea vifaa. Fundi wao ni dada mmoja anaitwa Jikke, namwamini kwa sababu hana maneno matamu. Nikaweka spika, wote wasikie.

"Jikke, nipe ukweli, usinizungushe."

"Sina muda wa kukuzungusha, Tjitske. Mfumo huo hauna tena marekebisho. Ulishaanza kuganda, utaendelea kuganda. Ukisasisha, kuganda kutaisha. Lakini programu ya sauti haitafunguka kwenye mfumo mpya. Walioitengeneza walishafunga duka."

"Basi itoe hiyo sauti, uihamishe."

"Imefungiwa ndani ya programu. Tumejaribu kwa wagonjwa wengine. Haitoki."

"Na mfumo mpya una sauti gani?"

Akakohoa kidogo. "Za Kiholanzi. Za wanaume zipo mbili."

"Kifrisia?"

"Hakuna."

"Nikisasisha halafu nikajuta?"

"Hakuna kurudi nyuma. Na ukibaki nao wa zamani, sisi hatutauhudumia tena. Siku ukizimika kabisa, umezimika." Kisha akaongeza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake: "Pole. Ningekuwa na jibu zuri ningekupa."

Nikakata simu. Ymkje akatafuta sampuli ya sauti hizo mbili kwenye simu yake, akazicheza.

"Habari za asubuhi," ikasema ya kwanza, laini, safi, kama imepigwa pasi. "Naomba msaada wako."

"Huyu anauza bima," nikasema.

Ya pili ikasema vilevile, ila kwa huzuni.

"Na huyu ndiye aliyenyimwa fidia," akasema Ymkje.

Douwe akabonyeza kicheko. Kile kicheko chake. Kikajaa sebule nzima, na mimi nikachemka zaidi.

"Umesikia? Hicho nacho kinakwenda! Unataka uwe Mholanzi ndani ya nyumba yako mwenyewe, wewe uliyekuwa unawacheka wakija huku na viatu vyao vyeupe?"

"Ndiyo."

"Mama yako atasema nimeleta mgeni."

"Mama hasikii vizuri. Atafurahi mgeni anaongea polepole."

"Acha mzaha, Douwe! Hii ni sauti yako!"

Macho yakaanza kutembea kwenye herufi. Ukiishi na mtu anayeongea kwa macho unajifunza kungoja, na kungoja katikati ya ugomvi ni adhabu. Huwezi kumkatiza, huwezi kuondoka.

"Sauti ni yako," ikasema kompyuta. "Mimi nataka mdomo."

Nikasema hayo ni maneno ya mtu aliyekata tamaa, na mimi sikati tamaa. Nikasema kompyuta kuganda mara mojamoja si msiba, unazima unawasha. Nikasema mengi. Mimi nikianza sina breki.

Macho yakatembea tena. Safari hii muda mrefu.

"Siku ya kuzaliwa ya mama."

"Imefanyaje?"

"Sikukaa kimya."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikakaa kwenye mkono wa kochi.

Siku ile tulikuwa kwa mama mkwe. Viti vya duara, kila mtu kampa kila mtu mkono wa hongera, kahawa, mkate wa sukari, kahawa tena. Douwe tulimweka kwenye duara kama kawaida. Kwenye kioo chake kulikuwa na maneno makubwa: Hongera, mama. Watu wakayasoma wakatabasamu. Maneno hayo yalikaa pale mchana wote.

Hakuna aliyeshtuka. Huku kwetu mwanaume akikaa kimya kwenye duara, ina maana mambo yako sawa. Anayeongea sana ndiye tunayemwangalia mara mbili. Shangazi mmoja aliuliza, "Mbona Douwe hasemi?" Nikamjibu mimi, kwa mdomo wangu huu: "Mwacheni, anafurahia."

Kioo kilikuwa kimeganda.

"Mate yalikuwa yanashuka njia mbaya," ikasema kompyuta. "Nilikuwa nazama."

"Douwe."

"Nilikuona. Ulikuja na leso."

Ndiyo. Nilikwenda na leso. Mama mkwe alikuwa anaimbiwa, nikaona machozi kwenye mashavu ya mume wangu, nikayafuta, nikawaambia watu: "Oneni, ameguswa." Wengine nao wakatoa leso zao.

Alinusurika kwa sababu shangazi yuleyule alitaka kupita kwenda chooni. Kiti kikasukumwa, kichwa kikalala upande, mate yakamwagika begani. Nikalalamika kuhusu shati.

Ymkje alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu na mimi naipenda hii sauti." Akapumzika. Macho nayo huchoka. "Nikasema itatosha kungoja kidogo. Imeganda tena mara nyingine. Ukiwa unaanika nguo. Ukiwa unaongea na jirani."

"Baba!" akalia Ymkje.

"Tjitske. Unaitunza kwa ajili ya baada yangu. Mimi bado nipo."

Ni kweli. Nilikuwa nimeshaipangia kazi sauti hiyo. Akilini nilikuwa naisikia jikoni, yeye ameshakufa, mimi peke yangu, Ymkje kaolewa, na ile sauti inaniita mjinga wangu. Nilikuwa nalinda kumbukumbu ya mtu huku mtu mwenyewe anazama mbele ya macho yangu, na leso mkononi.

Nikachukua simu nimrekodi. Angalau sentensi chache.

"Weka chini," ikasema kompyuta.

"Kidogo tu, Douwe."

"Utaomba moja. Halafu nyingine. Mpaka kesho. Kesho utabonyeza baadaye."

Ananijua. Nikaiweka simu kwenye kabati, nikafunga mlango.

"Basi sema neno la mwisho," nikamwambia. "Nalisikiliza kwa masikio yangu."

Nilitegemea anipe neno la mapenzi. Macho yakatembea, yakarudi, yakatembea. Kisha sauti ikafunguka, ileile ya uwanjani, na mkwaruzo wake:

"Mabibi na mabwana, sasa anaruka Douwe. Anakimbia vizuri. Ameudaka mti. Anapanda, anapanda." Macho yakarudi kwenye herufi. "Ooh. Tope."

Akabonyeza kicheko.

Ymkje alicheka huku analia, kamasi zinamtoka kama mtoto mdogo. Mimi nilingoja kicheko kiishe chote, mpaka ile pumzi anayoivuta mwishoni. Nikaandika nywila. Nikabonyeza "Sasisha sasa".

Kioo kikawa cheusi. Kikaandika: Usizime kompyuta.

Sasa hana sauti yoyote, si yake si ya muuza bima. Kompyuta ikiwaka tena, ataongea kama mtu nisiyemjua, kwa lugha ya watu wengine, na Jikke alishaniambia zamani kwamba ugonjwa huu mwishoni huchukua na macho. Sijidanganyi. Hapa hakuna pa kushinda.

Funzo? Mkiona mtu wenu amekaa kimya, msijijibie. Mtazameni. Na kama kuna kitu mnakihifadhi kwa ajili ya kumkumbuka, muulizeni kwanza kama kinamkaba.

Ymkje aliuliza kama aweke kahawa.

"Hakuna kahawa," nikamwambia. "Leta kiti."

Nikakivuta mpaka magoti yangu na ya Douwe yakagusana. Akiangalia juu ni ndiyo, akiangalia chini ni hapana. Nikamwekea leso mapajani, nikamshika kidevu, nikamuuliza: "Unapumua vizuri?"

Nikakaa namtazama macho.