Bega la Mama Mkwe na Mashine ya Dakika Tano

Tulipojitangazia uhuru bila kuwaomba ruhusa, Wafaransa walinuna, wakafunga virago vyao Moroni, mji mkuu wetu, kwa mbio za ajabu. Waliondoka na majokofu. Waliondoka na taipureta, na viti vya ofisini, na mahali pengine wallahi waliondoka hata na balbu za taa, sijui walidhani kwao Paris kuna giza. Bosi wangu hospitalini, bibi mwembamba mvuta sigara aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, alikuwa na roho nzuri kuliko wenzake. Aliniachia mashine yake na kijitabu cha maelezo. Sijui kama ulikuwa ukarimu au sanduku lake lilikuwa limejaa. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka minne, kazi yangu kukunja mataulo na kumfasiria wagonjwa. Asubuhi moja nikaamka mtaalamu wa nchi nzima.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la chuma rangi ya maziwa, lenye saa ya kuhesabu dakika na waya mrefu, na mwisho wa waya kichwa bapa cha chuma, upana wa kisahani cha kikombe cha kahawa. Kichwa hicho kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Unakipitisha juu ya ngozi kwa miduara midogo, bila kusimama, kwa dakika tano, na sauti inazama ndani ya mnofu na kuupasha joto polepole. Kiungo kilichokakamaa, kano iliyochoshwa na kazi, kovu lililojikunja: hapo inasaidia. Na inasaidia kidogo tu, tena kwa sharti kwamba mara ukimaliza, mgonjwa akinyooshe kiungo chake kingali na joto. Asiponyoosha, amekuja kupoteza umeme wa serikali. Nilisema maneno haya Moroni mpaka koo likakauka.

Lakini watu wangu hawataki kunyoosha, wanataka mashine. Mwenye mafua alitaka mashine. Mwenye jino alitaka mashine. Bwana mmoja wa Ikoni alikuja kwa teksi, akalipa nauli kwenda na kurudi, kuniomba nimpitishie kichwani kwa sababu anasahau majina ya wakwe zake. Nikamwambia, baba, hilo si ugonjwa, ni neema. Alikasirika.

Mafuta maalumu ya kupaka kati ya chuma na ngozi yalikwisha mwezi wa kwanza, na bila ya kitu chenye majimaji sauti haipiti, inagonga hewa na kurudi. Nikajaribu mafuta ya nazi, nguo za watu zikaharibika, wakanitukana. Mwisho nikapika unga wa muhogo mwepesi, kama wanga wa kupigia nguo pasi, nikauacha upoe. Ulifanya kazi vizuri kabisa. Ila chumba changu kikanuka kama jikoni, na katika ile miaka ya njaa nilipata wagonjwa ambao macho yao hayakuwa kwenye mashine, yalikuwa kwenye bakuli.

Kisha yakaja mapinduzi juu ya uhuru, maana uhuru peke yake haukututosha. Madaraka wakapewa vijana. Hospitali nayo ikapata kamati yake, na mwenyekiti alikuwa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfunga bendeji ya mguu alipoanguka kwenye mpera. Siku moja aliniita mbele ya wenzake. "Mashine hii," akasema, "ilikuwa ikiwahudumia mabepari."

"Ilikuwa ikimhudumia mke wa mkurugenzi," nikasema. "Kiwiko chake kiliuma kwa kucheza tenisi."

"Sawasawa! Sasa itawahudumia wananchi wote kwa usawa. Kila mtu dakika tano."

"Hata asiyeumwa?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeachwa nyuma na historia. Katika usawa huo ikaamuliwa kwamba Moroni imeifaidi mashine vya kutosha, sasa ni zamu ya Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, na mimi niende nayo. Hakuna aliyeniuliza. Mume wangu ni mtu wa Mutsamudu, mwalimu, na yeye alifurahi kwa sababu siku zile walikuwa wamekwisha kumfukuza kazi pamoja na watumishi wengine wengi, na akaona afadhali akakae bure kwao kuliko kukaa bure kwetu.

Basi tukasafiri kwa boti ya mizigo. Mashine ilikaa juu ya godoro, mimi nilikaa juu ya gunia. Visiwani kwetu mwanamke ana nyumba yake, na mume ndiye anayeingia na kisanduku chake kama mgeni. Mimi nikafanya kinyume, nikaingia nyumbani kwa mama wa mume wangu, na kisanduku, na mashine, na lafudhi ya Ngazija, kisiwa changu, ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiirudia nyuma yangu na kucheka. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba mno. Mchukuzi aliyebeba mashine kichwani alikuwa akipiga kelele watu warudi nyuma, na watu walirudi, wakadhani ni jeneza la tajiri fulani.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye heshima ya kutisha. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuwapamba maharusi: kuwapaka usoni msindano, ule unga wa msandali, kuwafunga nywele, kuwavika dhahabu. Mapinduzi yalikuwa yamekwisha kupiga marufuku arusi kubwa, kwa hiyo naye alikuwa hana kazi, kama mwanawe. Hakulalamika. Alisema neno moja tu juu ya serikali, na neno hilo siliandiki hapa.

Mutsamudu ndipo nilipoipenda kazi yangu, nakiri. Wachukuzi wa bandarini walikuwa na mabega ambayo yule bibi wa Kifaransa angelia kwa furaha kuyaona. Hao mashine iliwafaa, na walinyoosha mikono yao kama nilivyowaambia kwa sababu mkono usiponyanyuka hakuna kazi. Na nilikuwa mkali! Kijitabu kilisema kabla ya kuwasha uulize, utazame, upapase. Usipitishe juu ya jicho, wala juu ya tumbo la mja mzito, wala mahali palipokufa ganzi, wala kwenye mifupa ya mtoto anayekua. Na mstari wa mwisho, kwa herufi nzito: usipitishe kamwe juu ya uvimbe usioujua, kwa maana kama ni ule ugonjwa mbaya, joto linaweza kuulisha. Kwa hiyo kila mtu alivua. Mzee wa msikitini alivua. Mke wa mwenyekiti wa kamati ya huko alikataa kuvua, nikamwonyesha mlango. "Huku kwangu," nikamwambia, "sipimi watu kwa kukisia." Alaa! Nilijiona mtu.

Kisha mama mkwe akaumwa bega.

Alianza kushindwa kufunga nywele zake mwenyewe. Nilimwona asubuhi amekaa mbele ya kioo, mkono wa kushoto umeganda nusu ya njia, na kitana kimeshikwa hewani. Mwanamke aliyefunga nywele za nusu ya mji! Nilipotaka kumsaidia akaninyang'anya kitana. Aliogopa, nilijua, kwamba mwisho wake ni kuoshwa na kuvishwa na wakaza wanawe, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa baya kuliko kufa. Nikamwambia, mama, njoo hospitalini, bega limeganda tu, linatibika. Nilisema hivyo hivyo, mlangoni, nikiwa na kikapu mkononi. Sikumshika hata kidole.

Akaja saa sita, wachukuzi walipokwisha kuondoka. Akaketi nyuma ya pazia na shiromani yake, ile nguo wanayojifunga wanawake wa Ndzuani toka kichwani mpaka miguuni. Nikasimama mbele yake na bakuli la muhogo. Ilinipasa kusema neno moja: vua. Mapinduzi yalikuwa yakiwavua wanawake mitandio barabarani mchana kweupe, na mimi sikuweza kumvua mama wa mume wangu bega moja chumbani. Mkaza mwana hamwambii mkwewe avue! Hilo halihitaji kijitabu, nimenyonya nalo.

Basi nikafanya ujinga, tena ujinga wenye adabu. Nikaupitisha mkono wangu chini ya shiromani, na kichwa cha mashine mkononi, nikageuza uso ukutani, nikaanza miduara yangu kwa kukisia. Dakika tano. Saa ikalia. Yeye akajifunga vizuri, akaniuliza, "Haya, inasemaje?"

"Inasema ufanye mazoezi, mama," nikamjibu, nikacheka. Sikujua kwa nini yeye hacheki.

Tulifanya hivyo siku kumi na mbili. Kila siku miduara, kila siku ukuta. Ukuta ule naufahamu mpaka leo, una ufa unaoshuka toka dirishani. Kila siku akiniuliza inasemaje, na mimi nikimletea mzaha mpya: inasema ule vizuri, inasema usibebe ndoo, inasema mwanao atafute kazi. Bega halikulegea. Usiku halikumwachia usingizi, na bega lililoganda kweli likianza kutulia huwa linakuachia ulale, hilo nililijua. Alikonda. Nikajiambia nani hajakonda mwaka huu? Mchukuzi angeniambia haumwi kwa kazi bali akiwa amelala, ningemvua shati pale pale. Kwa mama mkwe nilikuwa na majibu yote, na jibu la kila kitu lilikuwa adabu.

Siku ya kumi na mbili muhogo ulikuwa mwepesi mno. Kichwa cha mashine kikateleza kikashuka kwapani, na vidole vyangu vikashuka nacho. Nikagusa kitu. Kigumu, kimejishika, hakisogei huku wala kule. Nikasimamisha mkono. Nikasahau kwamba mimi ni mkaza mwana wa mtu, nikaifungua shiromani kwa mikono yangu yote miwili, na yeye hakunizuia. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limenywea ndani upande mmoja, na ngozi yake imekuwa kama ganda la chungwa.

Nitasema sasa ili msingoje: hakupona. Madaktari wa kupasua waliondoka na majokofu, na yule aliyebaki Moroni alipomwona alisema tumechelewa miezi mingi. Nilimuuliza habari ya mashine, kama zile siku kumi na mbili za joto ziliulisha ule ugonjwa. Akasema huenda ndiyo, huenda siyo, siku kumi na mbili ni chache, nisijisumbue. Watu wema husema hivyo. Mimi nimejisumbua miaka yote hii, na nitaendelea, wala sihitaji ruhusa ya daktari. Alifariki nyumbani kwake Mutsamudu, na miezi ya mwisho mimi ndiye niliyemfunga nywele.

Lakini siku ile nyuma ya pazia nilikuwa bado na pa kukimbilia, nikakimbilia kwenye hasira. Nikamuuliza kwa sauti, mimi, mkaza mwana, namfokea mkwe wangu: "Mama! Umekuwa nacho tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani! Na siku zote hizi unakuja hapa, unaketi, unanyamaza? Kwa nini hukuniambia?"

Akaivuta shiromani yake mpaka shingoni, taratibu, kwa ule mkono mmoja mzima.

"Ningeanza vipi?" akasema. "Wewe ni mke wa mwanangu. Niliona haya. Nikasema, ana mashine, mashine inaona ndani ya mtu, itamwambia yenyewe na mimi sitatamka. Kila siku nilikuwa nangoja ikuambie. Si kila siku nilikuuliza inasemaje?"

Saa ya mashine ikalia. Nikaizima.

"Mashine haioni, mama," nikasema. "Inapasha joto tu. Haioni kitu."

Hakuwa na ukali wowote, alitaka kujua tu.

"Na wewe, mwanangu? Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Ukutani, mama," nikasema.